Tochi Inapokataa Kuwaka

Ndugu mkulima wa Ngara na Biharamulo, nguruwe mwitu hupenda kuingia shambani usiku wa kiza, mahindi yanapoanza kukomaa. Na njia utakayopita kwenda kuwafukuza, huenda kifutu amejilaza hapo hapo. Basi tochi isiyowaka si jambo dogo. Lakini usikimbilie dukani. Mara nyingi tochi ni nzima, ila umeme umekatika mahali njiani.

Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye balbu, hurudi kwa swichi na mwili wa tochi hadi kwenye springi ya kifuniko cha nyuma. Pakiachana mahali pamoja tu, hakuna mwanga.

Anza na betri. Kinundu cha betri kielekee kwenye balbu, na betri ya pili ifuate hivyo hivyo. Usichanganye kuukuu na mpya, maana kuukuu huizuia mpya kutoa nguvu yake. Kama tochi yako ni ya balbu ya kizamani, zungusha waya mtupu kwenye shingo ya balbu, ncha ya pili iguse kitako cha betri, halafu gusisha balbu kwenye kinundu. Betri moja ya volti 1.5 itatoa mwanga hafifu. Zilinganishe, utaijua iliyochoka. Tochi za LED hazipimiki hivyo. Kwa hizo, azima betri mpya kwa jirani ujaribu. Ile iliyochoka usiitupe bado: redio ndogo hula umeme kidogo kuliko balbu, kwa hiyo huenda ikaimba siku kadhaa.

Sasa hili la kuanika betri juani, au kuziuma kwa meno! Ni kweli joto huamsha nguvu kidogo, lakini ni ya muda mfupi tu. Kopo la betri hizi za kawaida ni la zinki, na zinki hiyo ndiyo inayolika betri inapofanya kazi. Betri iliyokwisha ina kopo jembamba. Ukiianika au kuiuma hutoboka, na majimaji yake huunguza mdomo na kula springi.

Ukikuta ukoko mweupe au wa kijani kwenye springi, ukwangue kwa kijiti, futa kwa kitambaa kikavu, kisha piga msasa mpaka chuma king'ae. Ukingo wa kifuniko nao usugue, kwani kutu haipitishi umeme vizuri. Kama springi imelala, ivute kidogo. Nawa mikono kabla ya kula.

Bado? Itazame balbu juani: ukiona kiuzi kimekatika, nunua balbu tu. Kama balbu ni nzima, bonyeza swichi mara nyingi itoe vumbi.

Tochi ya LED iliyokataa baada ya hayo yote, mpelekee fundi redio siku ya gulio. Na usipoitumia tochi kwa wiki kadhaa, toa betri uziweke pakavu, mbali na watoto.