Fahamu: Kwa nini supamaketi yenye matawi mengi huweza kufilisika

Supamaketi ya Naivas ya Kenya ilianza mwaka 1990, na mwaka 2023 ikafikisha matawi 100. Nakumatt nayo iliwahi kuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, lakini Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifilisiwe. Tofauti iko wapi?

Tazama pakiti moja ya unga. Msambazaji huileta kwa mkopo, tuseme wa siku 60. Mteja huinunua ndani ya wiki na kulipa papo hapo. Kwa hiyo duka hukaa na pesa ya msambazaji karibu miezi miwili. Pesa hiyo ikinunua unga mwingine, biashara huzunguka. Ikijenga tawi jipya ambalo bado haliuzi, siku ya kulipa hufika droo ikiwa tupu. Msambazaji husitisha mzigo, rafu hubaki wazi, wateja huhama. Nakumatt iliporomoka hivyo mbele ya macho yetu, na wasambazaji wadogo wasio na akiba ya kungojea waliumia.

Naivas, kwa upande wake, ilipata wawekezaji: mwaka 2022, kundi linaloongozwa na kampuni ya IBL ya Mauritius lilichukua asilimia 40 ya hisa zake.

Kwa hiyo usihesabu matawi tu. Uliza matawi ya zamani yanauza kiasi gani, na wasambazaji wanalipwa baada ya siku ngapi. Swali la pili ndilo zito: mwaka 2019 Kenya ilirekebisha Sheria ya Ushindani ili kuwabana wanunuzi wakubwa wanaochelewesha malipo.