Komamanga na Kipimo cha Maji

Kwenye matuta ya Jabal Akhdar nchini Oman, mikomamanga humwagiliwa kwa zamu, kwa maji ya mifereji ya falaji. Asiyejua angedhani miti inanyimwa. Lakini sehemu kubwa ya dawa ya komamanga, ile inayowafanya watu wachemshe maganda yake kutuliza tumbo, ni tanini, na mti huzitengeneza kwa ajili ya kujikinga. Ukiurundikia mbolea ya yurea na maji bila kipimo, nguvu nyingi huishia kwenye majani na matawi. Tunda laweza kunenepa huku tanini na rangi yake vikififia. Potasiamu, kwa upande wake, husaidia kupeleka sukari kwenye tunda.

Mkulima atasema soko hulipa kilo, si tanini. Ana hoja, na kiu kali hupunguza mavuno kweli. Ila kupunguza maji kwa kiasi, katika kipindi kilichochaguliwa, si kuyakata. Hatari kubwa ni kubahatisha: tunda lililokaa na kiu kisha likapata maji mengi ghafla hupasuka ganda, punje zikachungulia nje na kuoza, na hapo hapatikani kilo wala dawa. Mbolea nayo haifai kubahatishwa, kwa hiyo fedha ya kupima udongo ningeitanguliza kabla ya mfuko wa pili wa yurea.