Chama kinapojifanya kadhi

Januari 2013 mkutano mkuu wa Socialist Workers Party, chama kidogo cha mrengo wa kushoto Uingereza, ulisomewa ripoti ya kamati yake ya migogoro. Mwanachama mmoja, mwanamke kijana, alimtuhumu kiongozi wa juu kwa ubakaji, naye akakanusha. Shauri halikupelekwa polisi; lilisikilizwa na kamati ambayo wajumbe wake walimfahamu mtuhumiwa. Wakasema haikuthibitika. Mkutano ukaipitisha ripoti kwa kura chache za ziada, na mamia ya wanachama wakajitoa.

Katika fikihi ya Shafi tuliyosomeshwa, hukumu ya kadhi kwa faida ya mwanawe haipiti, hata akijulikana kwa uadilifu. Tuhuma ya upendeleo peke yake yatosha kuizuia. Na mtuhumiwa naye hudhulumika: akisafishwa na rafiki zake, nani atamsadiki?

Chama kina haki ya kumsimamisha mtu uanachama wakati shauri likichunguzwa. Jinai ni ya polisi na mahakama. Mwanamke anayeogopa kwenda huko asindikizwe, asipewe kamati ya chama badala yake.