Amri Kumi Zinakaa Ukurasa Gani?

Kuna vitabu viwili vidogo vya mafundisho ya Kikristo vilivyoandikwa Ujerumani katika karne ya 16, na vyote viwili vinafundisha Amri Kumi. Cha kwanza ni Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, ambayo vijana wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) wanaikariri mpaka leo katika madarasa ya kipaimara. Humo Amri Kumi ndizo zinazofungua kitabu. Imani ya Mitume inafuata, kisha Sala ya Bwana. Cha pili ni Katekisimo ya Heidelberg ya mwaka 1563, inayotumiwa na makanisa yaliyofuata mapokeo ya Calvin. Hiki kina maswali 129, na msomaji hazikuti Amri Kumi mpaka afike swali la 92, ndani ya sehemu ya tatu, ile inayohusu shukrani.

Nilikuwa mtu mzima nilipoitambua tofauti hiyo, na tangu hapo imenisaidia kufikiri kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Luther alikwisha kueleza katika kitabu chake cha sala cha mwaka 1522 kwamba amri humwonyesha mgonjwa ugonjwa wake, Imani ya Mitume humwonyesha dawa ilipo, na sala humfundisha kuiomba. Kwa hiyo amri zinakaa mlangoni, mahali pa kupimwa. Heidelberg nayo inakubali kwamba sheria ndiyo inayotuonyesha taabu yetu. Inalisema hilo tangu swali la tatu, kwa ufupi, kisha inazitaja amri mbili za upendo. Lakini zile kumi zenyewe, na maelezo yake marefu, imewawekea watu waliokwisha kusimuliwa habari yote ya ukombozi. Wameokolewa, na sasa wanauliza waishije.

Swali lenyewe ni la zamani na kila mwamini hulifikia siku moja: je, Mkristo bado anadaiwa na sheria ya Mungu, au neema imeifuta? Naamini wengi wetu hukwama hapo kwa sababu tumeiona sheria kama kitu kimoja tu, yaani bei. Atakayeiona hivyo atakuwa na njia mbili tu mbele yake: kuhangaika kuilipa, au kushangilia kwamba imefutwa. Mpangilio wa Biblia yenyewe unatuonyesha njia nyingine.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili nacho kina mchango wake katika kukwama huku. Sheria na neema yote mawili yametufikia kutoka Kiarabu. Neno sheria linatuletea mahakama, askari na faini. Neno neema linatuletea mvua na mavuno. Mwaka wa neema ni ule ambao ghala halitoshi. Kabla hata ya kufungua Biblia, sikio letu limekwisha kuyaweka pande mbili: moja linaadhibu, jingine linashibisha. Lakini neno torah la Kiebrania lina maana ya maelekezo au mafundisho, ya namna ile mtoto anayoyapata kwa mzazi wake. Ndiyo maana Zaburi ya 119, iliyo ndefu kuliko zote kwa aya zake 176, inaweza kuiimbia sheria ya Mungu kwa beti 22 bila kuchoka. Yule mwimbaji alikuwa anafurahia sauti ya mtu anayempenda.

Tazama pia jinsi kitabu cha Kutoka kilivyopangwa. Bahari inapasuliwa katika sura ya 14. Amri zinatolewa Sinai katika sura ya 20, na hata hapo Mungu hatoi amri yoyote kabla ya kujitambulisha kuwa ndiye aliyekwisha kuwatoa Misri, katika nyumba ya utumwa. Musa hakupelekwa Misri akiwa na mbao mbili za mawe ili awaambie watumwa wale kwamba wakizishika kwa mwaka mmoja watafunguliwa. Walifunguliwa wakiwa bado wananung'unika. Sheria iliwakuta tayari ni huru, tayari ni watu wa Mungu, nayo ikawafundisha jinsi watu huru wanavyoishi.

Ugomvi mkubwa ulizuka pale utaratibu huo ulipogeuzwa. Katikati ya karne ya kwanza Paulo aliwaandikia makanisa ya Galatia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, barua yenye hasira kuliko zote tulizo nazo za kwake. Baada yake walikuwa wamepita walimu waliowaambia waamini wasio Wayahudi kwamba kumwamini Kristo ni mwanzo mzuri, lakini ili wahesabiwe kweli kuwa watoto wa Abrahamu ni lazima watahiriwe. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo mengi hapa. Katika jamii zetu nyingi jando halikuwa suala la mwili tu. Lilikuwa mlango, asiyelipitia hakukaa na wanaume, hakusikilizwa barazani, na hata kuoa kulimwia vigumu. Wagalatia walikuwa wanaambiwa kwamba bado wako nje ya mlango.

Paulo anawajibu kwa mambo ya kawaida ya maisha. Analeta kwanza suala la wosia: ukishathibitishwa, hakuna mtu anayeweza kuja baadaye kuuongezea masharti. Ahadi kwa Abrahamu ndiyo wosia, na Torati ilikuja miaka 430 baadaye. Haiwezi kuligeuza jambo lililokwisha kukatwa. Yeyote aliyeshuhudia mgogoro wa mirathi katika ukoo wake anajua uzito wa hoja hiyo. Katika barua kwa Warumi anaongeza jingine: Abrahamu alihesabiwa haki katika sura ya 15 ya Mwanzo, na kutahiriwa kunakuja katika sura ya 17. Paulo ni mtu wa kutazama nini kilitangulia nini.

Kisha analeta mfano wa mtumwa wa nyumbani, na hapo tafsiri zetu zinatupa kazi. Kwa Kigiriki aliitwa paidagogos. Tafsiri ya Muungano, iliyotolewa mwaka 1952, ilitumia neno kiongozi. Habari Njema ikatumia mlezi. Ninaziheshimu tafsiri zote mbili, lakini kwa msomaji wa leo kiongozi ni mwenyekiti au waziri, na mlezi ni mama mwenye huruma au mtu wa kuchangia kwaya. Paidagogos hakuwa huyu wala yule. Mara nyingi alikuwa mtumwa aliyekabidhiwa mtoto wa bwana wake: ampeleke kwa mwalimu na kumrudisha, ambebee vitu vyake, amsahihishe adabu njiani, na fimbo alikuwa nayo. Kufundisha hakukuwa kazi yake. Na kazi yake ilikuwa na mwisho unaojulikana, yaani siku mtoto atakapokuwa mtu mzima.

Ukiuelewa mfano huo, utaona Paulo anasema mawili kwa pamoja. Kijana akishakua, kumrudisha chini ya fimbo ya yule mtumwa ni kumvunjia heshima yeye na baba yake. Hilo ndilo walimu wa Galatia walilokuwa wakilifanya. Lakini kijana yule hakuachiliwa ili awe mhuni. Ameingia katika urithi. Adabu aliyokuwa akiishika kwa kuogopa fimbo anaishika sasa kwa sababu nyumba ni yake, na jina analolibeba ni la baba yake.

Wapo waliolisikia la kwanza wakaliacha la pili. Johann Agricola wa Eisleben, rafiki wa Luther na mwanafunzi wake wa zamani, alifundisha kwamba waamini wahubiriwe Injili peke yake na amri waachiwe watawala na mahakama. Luther, yule yule aliyeutangaza wokovu kwa neema akasikika Ulaya nzima, alimpinga hadharani kwa midahalo iliyoanza mwaka 1537. Aliona hatari yake: ukiiondoa sheria mimbarani, dhambi haiondoki, inabaki bila jina. Naona Agricola na walimu wa Galatia walikuwa jirani kuliko walivyodhani. Kwa wote sheria ilikuwa hati ya deni. Mmoja aliichana kwa furaha, wengine wakawapelekea watu ili walipe, na hakuna kati yao aliyeitazama kama maneno ya Baba kwa mtoto aliye ndani.

Nabii Yeremia alikwisha kulisema, karne sita hivi kabla ya Kristo. Alipotabiri agano jipya hakusema sheria itafutwa. Alisema itatiwa ndani ya watu na kuandikwa moyoni. Katika agano hilo kinachobadilika ni mahali sheria inapokaa, na jambo hilo linagusa kila kitu, kwa sababu amri iliyo nje yako hukusukuma, ile iliyo ndani yako huwa ni hamu yako mwenyewe. Paulo naye anaandika kwa Warumi, sura ya 8, kwamba matakwa ya sheria yanatimizwa ndani ya watu wanaoenenda kwa Roho.

Mtu atauliza, basi, ni amri zipi? Mapokeo ya muda mrefu yanazigawa sheria za Musa katika mafungu matatu: za maadili, za ibada na za taifa la Israeli, la kwanza linadumu, mengine yametimia. Mgawanyo huo unasaidia, ila Torati yenyewe haikuwekewa mipaka hiyo. Katika sura ya 19 ya Mambo ya Walawi, amri ya kumpenda jirani iko aya ya 18, na aya inayofuata inakataza vazi la nyuzi za aina mbili. Hata kuhusu siku ya saba Wakristo hawajakubaliana, na ni haki kusema kwamba mafundisho ya Waadventista Wasabato yanaihesabu Sabato kuwa tunda la wokovu, hayaihesabu kuwa bei yake. Kipimo cha Paulo ni kufuata mstari wa upendo, kwa maana huo ndio unaoitimiza sheria yote.

Galatia ya kwetu, kwa maoni yangu, haiko kwenye tohara wala kwenye Sabato. Iko kwenye zaka. Nimewasikia wahubiri wanaosema kwa sauti kubwa kwamba Mkristo hayuko chini ya Torati, hivyo ale anachokula na avae anachovaa. Ikifika saa ya sadaka, wanafungua sura ya 3 ya Malaki na kumtangazia laana asiyetoa sehemu ya kumi. Mama anayeuza mboga anarudi nyumbani akiwa na hofu kwamba mtoto wake anaumwa kwa sababu ya elfu mbili alizozitumia kwa nauli. Hili linaniuma. Katika barua hiyo hiyo kwa Wagalatia Paulo anasema Kristo ametukomboa katika laana ya sheria kwa kuibeba mwenyewe. Laana iliyokwisha kubebwa msalabani hairudishwi kanisani ili kujaza kapu.

Je, tuache kutoa? Paulo mwenyewe alikuwa mchangishaji wa fedha, na alichangisha kwa miaka. Katika sura ya 8 na ya 9 za barua ya pili kwa Wakorintho anawaomba watu wa Korintho wawachangie maskini wa Yerusalemu. Alilelewa kuwa Farisayo, na sheria za zaka alizijua kuliko sisi, lakini katika sura zote mbili haitaji zaka hata mara moja. Anasema wazi kwamba haongei kama mtu anayeamuru. Anawaeleza habari za makanisa ya Makedonia, ambayo katika umaskini wao mkubwa yalitoa kupita uwezo na tena yakaomba yaruhusiwe kutoa. Anawakumbusha Kristo aliyekuwa tajiri akawa maskini kwa ajili yao. Na kule kutoa kwenyewe anakuita kwa neno lile lile, charis kwa Kigiriki, yaani neema. Mkono unaofunguka ni neema inayoendelea na safari yake. Mtu anayetoa sehemu ya kumi kwa moyo huo amefanya jambo jema, na anayetoa zaidi kadhalika. Tena mwenye mia mbili tu, akitoa kumi kwa furaha, hana deni la laana kwa yeyote.

Ndivyo ilivyoonekana katika uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika kuanzia miaka ya 1930. Watu waliosema wameokoka kwa damu ya Yesu peke yake ndio walioonekana wakirudisha mali walizoiba na kulipa madeni ya zamani, hata kwa wenye mali waliokwisha kusahau.

Walikuwa wanapita njia ya Zakayo. Katika sura ya 19 ya Luka, Yesu anajialika nyumbani kwa mtoza ushuru huyo kabla ya kumwambia neno lolote kuhusu fedha zake. Umati unanung'unika. Torati, katika sura ya 5 ya Hesabu, ilimtaka aliyemkosea mwenzake akakiri kosa lake arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Aliyedhulumu mia angerudisha mia na ishirini. Zakayo alisimama akasema atarudisha mara nne, yaani mia nne kwa kila mia, na nusu ya mali yake atawapa maskini. Hesabu hiyo hakusomewa na mtu. Aliifanya mwenyewe, mgeni wake akimsikiliza.