RAMANI KWANZA, MIONZI BAADAYE

Wakulima wa Songea wanajua kazi ya moto. Mtu hachomi shamba jipya kabla ya kulima njia ya moto kulizunguka. Asipofanya hivyo, moto huweza kufika kwenye ghala la jirani.

Tiba ya saratani kwa mionzi ni vivyo hivyo. Mionzi ni nguvu isiyoonekana kwa macho. Huua chembe za saratani. Lakini ikipotea njia huweza kuunguza kibofu au utumbo. Kwa hiyo wataalamu huchora ramani kwanza.

Ramani huchorwaje?

Tuchukue mfano wa mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Hii ndiyo saratani inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania. Mama huyu hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwanza hulazwa kwenye mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Ngozi yake hutiwa alama ndogo. Daktari hutazama picha, kisha huzungushia mstari mahali penye ugonjwa. Huzungushia pia kibofu na utumbo, ili vikingwe. Halafu mtaalamu wa vipimo vya mionzi hutumia kompyuta kuhesabu mionzi ipite upande gani, na kwa kiasi gani.

Zamani hesabu hizi zilifanywa kwa mkono. Siku hizi ziko programu zilizofundishwa kwa mipango ya wagonjwa wengi waliotangulia. Zinaweza kutoa mpango kwa muda mfupi. Hata hivyo, kompyuta haiachiwi kazi peke yake. Lazima wataalamu waukague mpango huo.

Protoni ni nini?

Mionzi ya kawaida hupenya mwili na kutokea upande wa pili. Protoni ni chembe ndogo mno. Zikirushwa mwilini hufika kina kilichopimwa, zikasimama hapo. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa protoni Marekani mwaka 1954. Mashine yake ni ghali mno, na hapa nchini haipo. Lakini tusikate tamaa. Mwaka 2018 Ocean Road ilianza kutumia mashine za kisasa ziitwazo linaki. Wengi wanaofika mapema huweza kupona.

Mgonjwa na ndugu zake wafanye nini?

1. Alama za ngozini zisifutwe. Zikififia, mgonjwa awaambie wataalamu.

2. Tiba isikatishwe. Mionzi hugawanywa kidogo kidogo, mara nyingi siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa. Siku zikirukwa, saratani huota tena kama magugu. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Basi ndugu wakae mapema, wapange nauli, chakula na mahali pa kufikia.

3. Mgonjwa asiogopwe. Mionzi ya mashine hii haibaki mwilini. Akirudi nyumbani anaweza kula pamoja na wenziwe na kumbeba mtoto wake.

Akina mama, damu ikitoka nje ya siku za hedhi, au baada ya hedhi kukoma, msingoje. Nendeni zahanati. Na wasichana wapelekwe kuchanjwa. Chanjo ya kuzuia saratani hii ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018.

Jadilini darasani:

Kwa nini ramani hutangulia mionzi?

Kijiji chetu kinaweza kumsaidiaje mgonjwa amalize tiba?