Diski ya msasa kwenye mashine ya mkanda

Diski ya msasa kwenye mashine ya mkanda ni bamba la mviringo lililobandikwa msasa upande mmoja, ambalo hufungwa kwenye mashine ya msasa wa mkanda ili lizungushwe na mota ileile. Kwa njia hiyo karakana ndogo hupata mashine mbili kwa mota moja. Hutumiwa na mafundi wa visu, maseremala, wachongaji na mafundi vyuma wanapotaka kusawazisha uso, kunyoosha ncha au kupata pembe kamili.

Sehemu ghali za mashine ya kupiga msasa ni mota, shafti, beringi na swichi. Mwenye mashine ya mkanda tayari anazo. Kinachobaki ni diski yenyewe, kifungio chake, meza na kinga, na vyote vinaweza kutengenezwa karakanani au kwa msaada wa fundi mwenye mashine ya kukereza. Hata hivyo, kasi inayofaa mkanda mara nyingi ni kubwa mno kwa diski pana. Kwa sababu hiyo kasi ndilo jambo la kwanza la kukadiria kabla ya kununua au kukata kitu chochote.

## Jina

Msasa ni jina la mti *Ficus exasperata*, wa jenasi moja na mkuyu. Majani yake yanakwaruza, na yakikaushwa hutumika kulainishia mbao na vyombo. Jina hilohilo hutumika kwa karatasi au kitambaa kilichogandishwa chembe ngumu za kukwaruza, na kazi yenyewe huitwa kupiga msasa. Namba iliyoandikwa nyuma ya msasa huonyesha ukubwa wa chembe: msasa wa namba 60 ni mkali, wa 120 ni wa kati, na wa 220 au zaidi ni laini.

## Tofauti kati ya mkanda na diski

Katika mashine ya mkanda, msasa ulioungwa kama pete huzunguka juu ya magurudumu mawili au zaidi na kupita mbele ya bamba la kuegemeza. Mkanda haugandi kwenye bamba hilo. Unapokutana na kitu kinachosagwa huinuka kidogo, kwa hiyo kingo za kitu hicho huelekea kuviringika. Hilo ni faida kwa kazi ya kuchonga maumbo, lakini ni kasoro pale ambapo vipande viwili vinatakiwa kukutana bila mwanya, kwa mfano ubao wa mpini na bamba la kisu.

Katika diski, msasa umebandikwa moja kwa moja juu ya bamba gumu na hauwezi kuinuka. Uso wa kitu kinachosagwa hutoka bapa kama diski yenyewe ilivyo bapa, na ikiwa meza imepimwa vizuri, pembe yake hutoka kamili.

Diski ina upungufu wake pia. Kasi yake hailingani kila mahali: katikati kabisa ni sifuri, nusu ya njia kuelekea ukingoni ni nusu ya kasi ya ukingo. Pia msasa wake huisha upesi zaidi. Mkanda wa milimita 50 kwa 1829, ambao ni maarufu kwa mafundi wa visu wa Marekani, una eneo la sentimita za mraba 914, ilhali diski ya kipenyo cha milimita 230 ina sentimita za mraba 415 hivi. Kwa sababu hizo diski haichukui nafasi ya mkanda. Kazi ya kuondoa nyama nyingi hufanywa kwa mkanda, na diski humalizia.

## Kasi ya ukingo

Kasi ya ukingo wa diski hupatikana kwa kuzidisha kipenyo kwa 3.14, kisha kuzidisha kwa idadi ya mizunguko kwa dakika. Kipenyo kikiwa kwa mita, jibu huwa mita kwa dakika. Likigawanywa kwa 60 huwa mita kwa sekunde.

Mota za kawaida za umeme wa mkondo geu hufuata frikwensi ya umeme. Penye umeme wa hezi 50, kama Kenya, Tanzania na Uganda, mota ya ncha mbili za sumaku huzunguka karibu mara 2850 kwa dakika ikiwa na mzigo, na ya ncha nne karibu mara 1425. Idadi hiyo huandikwa kwenye kibati cha mota.

| Kipenyo cha diski | Mizunguko 1425 | Mizunguko 2850 |
|---|---|---|
| milimita 150 | mita 11.2 kwa sekunde | mita 22.4 kwa sekunde |
| milimita 230 | mita 17.2 kwa sekunde | mita 34.3 kwa sekunde |
| milimita 300 | mita 22.4 kwa sekunde | mita 44.8 kwa sekunde |

Mashine ya mkanda yenye mota ya mizunguko 2850 na gurudumu la kuendesha la milimita 100 huendesha mkanda kwa mita 14.9 kwa sekunde. Diski ya milimita 230 ikifungwa kwenye shafti hiyohiyo, ukingo wake hukimbia kwa mita 34.3, yaani zaidi ya mara mbili.

Kasi hiyo ina madhara mawili. La kwanza ni joto. Mbao huungua na kuacha alama nyeusi, na chuma kilichokwisha kutiwa ugumu hupoteza ugumu wake. Chuma kikigeuka rangi ya buluu kimefika karibu nyuzi 300 za selsiasi, na makali ya kisu sehemu hiyo hayatadumu tena. Dhara la pili ni nguvu inayovuta diski kutoka katikati kwenda nje. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi: mizunguko ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Diski iliyopasuka kidogo au isiyo na mizani, ambayo ilivumilia mizunguko 1425, inaweza kuvunjika kwenye 2850. Msasa wenyewe pia una kikomo cha kasi ambacho watengenezaji wengi huchapisha nyuma yake.

Kwa hiyo kwenye shafti ya mizunguko 2850 ni salama zaidi kutumia diski ndogo ya milimita 150. Anayetaka diski ya milimita 230 au 300 anapaswa kupunguza mizunguko.

## Njia za kuunganisha

Shafti ya pili ya mota. Baadhi ya mota, kama zile za mashine za kunolea za mezani, zina shafti pande zote mbili. Upande mmoja huendesha mkanda, wa pili hubeba diski. Ni njia rahisi kuliko zote, lakini diski hulazimika kufuata kasi ya mota.

Shafti ya gurudumu la kuendesha. Mashine ambayo gurudumu lake limefungwa kwenye shafti inayoshikwa na beringi mbili inaweza kuwekewa shafti ndefu zaidi, na diski ikafungwa kwenye ncha iliyo nje ya beringi. Diski ikae karibu na beringi kadiri inavyowezekana, kwa sababu shafti iliyojitokeza sana hutikisika.

Shafti ya pembeni yenye puli. Diski huwekewa shafti na beringi zake, na mota huizungusha kwa puli na mkanda wa mpira, kama ilivyo kwenye mashine nyingi za kusaga nafaka. Gharama huongezeka kidogo, lakini kasi inaweza kuchaguliwa. Puli ya milimita 60 kwenye mota ya mizunguko 2850, ikiendesha puli ya milimita 120, huzungusha diski mara 1425 kwa dakika. Mkanda huo ukivuliwa, diski husimama wakati mashine ya msasa wa mkanda inafanya kazi.

Mashine yenye mota ya fezi tatu inayoendeshwa na kidhibiti cha kielektroniki cha frikwensi haihitaji puli hizo, kwa kuwa mwendo hupunguzwa kwa kugeuza kitufe.

Wengine huamua kutafuta mota ya pili iliyotumika. Mota ya pampu ya maji inaweza kufaa ikiwa kibati chake kinasomeka. Mota yenye brashi za kaboni kutoka mashine ya kufulia haifai kuunganishwa moja kwa moja na umeme, kwa sababu isipokuwa na mzigo mwendo wake hupanda kupita kiasi.

## Kutengeneza diski

Bamba la alumini la unene wa milimita 10 hadi 12 hudumu na halipindi kwa unyevu. Plaiwudi nzuri ya milimita 18 ni nafuu na hufaa kwa kasi ndogo, mradi ipakwe vanishi pande zote na isiwe na mwanya kati ya matabaka yake.

Diski haipaswi kushikwa kwa tundu lake pekee. Hufungwa kwa skrubu tatu au nne kwenye kitako cha chuma chenye shingo inayoingia barabara kwenye shafti. Vichwa vya skrubu huzama chini ya uso wa diski. Shingo hubanwa kwa skrubu mbili, na sehemu ya shafti zinapogusa huchongwa kuwa bapa ili zisiteleze. Tundu la kitako hukerezwa kulingana na shafti halisi: mota nyingi zenye vipimo vya kimataifa zina shafti za milimita 14, 19 au 24. Tundu likiwa pana na kujazwa kwa karatasi au bati, diski itayumba.

Kunyooka hupimwa kwa kuzungusha diski kwa mkono huku ncha ya msumari uliofungwa imara ikikaribia uso karibu na ukingo. Mwanya ukibadilika, diski imepinda au kitako hakijakaa sawa. Mizani hupimwa mkanda ukiwa umevuliwa: upande mmoja ukirudi chini kila mara, ndio mzito.

Msasa wenye gundi nyuma hutoa uso bapa kuliko aina nyingine. Ule wa kunatana kwa vinyweleo, kama vifungo vya viatu vya watoto, hubadilishwa upesi, lakini vinyweleo hubonyea na kuviringisha kingo kidogo, na hivyo kuondoa sehemu ya faida ya diski.

## Mwelekeo wa mzunguko

Kazi hufanywa kwenye nusu ya diski inayoshuka tu, kwa sababu hukandamiza kitu kwenye meza. Nusu inayopanda hukiinua na kukirusha.

Katika mashine ambayo mkanda wake hushuka mbele ya fundi, diski iliyofungwa upande wa kulia wa mashine hushuka kwenye nusu yake ya kushoto mtu akiitazama. Iliyofungwa upande wa kushoto hushuka kwenye nusu ya kulia. Hilo pia huamua aina ya nati ikiwa diski inashikwa kwa nati ya katikati: upande wa kulia nati ya kawaida hujikaza yenyewe, ilhali upande wa kushoto inatakiwa nati inayokazwa kinyume, kama ilivyo kwenye mashine za kunolea za mezani. Nati ya kawaida upande wa kushoto inaweza kufunguka kazini. Mota iliyogeuzwa mzunguko huleta hatari hiyohiyo.

## Meza na kinga

Meza huwekwa usawa wa katikati ya diski au chini yake kidogo, na mwanya kati yake na diski usizidi milimita 2 hivi. Mwanya mkubwa humeza kitu chembamba pamoja na kidole. Meza hupimwa kwa kipimo cha pembe mraba kila inapofunguliwa.

Kanuni za usalama kazini za Marekani hudai diski ifunikwe sehemu yote isipokuwa ile iliyo juu ya meza. Bati lililokunjwa na kufungwa kwa bolti linatosha kufunika nyuma, kingo na nusu ya chini, na likiachiwa tundu la bomba husaidia kukusanya vumbi.

## Hatari

Cheche za chuma zikiangukia vumbi la mbao zinaweza kuwasha moto unaochelewa kuonekana. Mashine ikitumika kwa vyote viwili, vumbi husafishwa kabla ya kubadili kazi. Vumbi la mbao limeorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu, na vumbi la mpingo na jamaa zake huwaletea baadhi ya watu mzio wa ngozi na wa njia ya hewa. Barakoa na miwani ya kinga huvaliwa hata kwa kazi ya dakika moja.

Glavu za kitambaa, mikono mirefu ya shati na nywele zisizofungwa hazifai karibu na diski. Kwa kuwa mota moja huendesha vyote, mkanda na diski huenda vinazunguka pamoja, na asiyetumika ni rahisi kusahaulika. Swichi huwekwa mahali inapofikiwa kutoka pande zote mbili, na mashine hutumiwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Baada ya kufungwa mara ya kwanza, diski huwashwa kwa dakika chache bila kazi, watu wote wakiwa wamesimama kando na si mbele ya ukingo wake. Ikitetemeka, huzimwa na kupimwa upya kabla ya kubandikwa msasa.