Fungu la Mzee Liko Wapi?

Kamati ya msikiti wetu ina desturi, baada ya Swala ya Ijumaa, ya kuwazuru wagonjwa na wazee waliokosekana safuni. Ijumaa moja ya kiangazi tulikwenda kumjulia hali bibi mmoja anayeishi pembezoni mwa jiji la Dodoma, pale lami inapokoma na vumbi jekundu kuanza. Tulimkuta amelala chumba cha ndani. Tangu apate kiharusi miguu haimtii. Aliyetupokea, akatutandikia mkeka na kutuletea maji, alikuwa mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa darasa la sita. Ilikuwa siku ya shule. Mama yake binti huyo alikuwa sokoni akiuza mboga, kwa kuwa siku asipokwenda, chungu hakiinjikwi.

Bibi alituombea dua, kisha akauliza swali lililotunyamazisha: "Wanangu, nasikia serikali ina fungu la wazee. Langu limekwama wapi?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tuliyoyapata baadaye, kwa kusoma, kuulizauliza na kuwasikiliza watendaji wa mitaa, ndiyo tunayowaletea wasomaji wa ukurasa huu wa familia, kwani tunaamini kwamba bibi huyu hayuko peke yake.

Jaribio lililoanzia kwa jirani zetu

Wengi wetu tumesahau kwamba utaratibu wa kuzipa fedha taslimu kaya maskini ulijaribiwa kwanza hapa jirani. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulichagua wilaya tatu: Chamwino, Bagamoyo na Kibaha, na malipo yakaanza Januari 2010. Katika jaribio lile, mtu wa miaka 60 na zaidi alikuwa na fungu lenye jina lake. Kwa kila mzee kaya ilihesabiwa takriban dola 6 za Kimarekani kwa mwezi, na kwa kila mtoto dola 3. Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili. Sharti la mzee lilikuwa jepesi: afike zahanati angalau mara moja kwa mwaka. Watafiti waliolinganisha vijiji 40 vilivyopata fedha na vingine 40 ambavyo havijapata waliona kwamba kaya zilizopata zilijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii. Kwa maneno mengine, maskini alipopewa fedha mkononi, sehemu yake aliinunulia matibabu.

Mpango ulipotandazwa nchi nzima kwa jina la Kunusuru Kaya Maskini, hesabu ilibadilika. Katika kipindi chake cha kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa Sh. 10,000 kwa kaya kwa mwezi, kaya yenye mtoto ikaongezewa Sh. 4,000, na nyongeza nyingine zikafuata mahudhurio ya watoto kliniki na shuleni. Mzee hakutengewa tena fungu lake. Alihesabiwa ndani ya kaya. Hatusemi kwamba mabadiliko hayo hayakuwa na hekima, maana mtoto anayesomeshwa leo ndiye tegemeo la kesho. Lakini lazima matokeo yake yasemwe: ajuza anayeishi peke yake, asiye na mtoto wa shule chini ya paa lake, alibakiwa na ile ya msingi tu.

Mpango huo pia ulileta ajira za muda kwa kaya zenye nguvu kazi: kuchimba malambo, kutengeneza barabara za vijijini, kupanda miti. Ujira ulianza na Sh. 2,300 kwa siku, kwa siku 60 kwa mwaka. Katika nchi kame kama yetu, lambo ni uhai, na hatulidharau jembe lililolichimba. Hata hivyo, mwanamke anayemgeuza mama yake kitandani usiku kucha ili asipate vidonda, anayemwogesha, anayemlisha uji kwa kijiko na kufua nguo zake kabla ya alfajiri, kazi yake haikuwamo katika orodha ya kazi zenye ujira. Fedha zilibadilika sura mara kadhaa, lakini mikono inayomlea mzee nyumbani haikuwahi kutajwa.

Kutoka msamaha hadi bima

Upande wa matibabu nako kuna mabadiliko. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya wazee kupata huduma za afya, na wale wasio na uwezo wakawekwa katika kundi la wanaotibiwa bila malipo. Ndipo tulipoona vitambulisho vya wazee vikigawiwa na madirisha ya wazee yakifunguliwa hospitalini. Ni hatua ya kushukuriwa. Lakini msamaha wa malipo hauna faida kubwa siku dawa inapokosekana dirishani, na dirisha la wazee halimsaidii asiyeweza kuinuka kitandani kulifikia.

Sasa nchi inaelekea kwenye bima. Mkoa wetu ulikuwa mwanzo hapa pia, kwani Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulijaribiwa Dodoma kabla ya kuenea mikoa mingine, kwa mchango wa Sh. 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Kisha mwezi Novemba 2023, Bunge likiketi papa hapa Dodoma, likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayoweka pia utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo.

Tunaiunga mkono nia hiyo. Ila tuzingatie jambo moja: msaada ukiwa ruzuku ya kaya, na matibabu yakiwa bima, mlango wa vyote viwili ni mmoja, nao ni orodha. Ambaye jina lake halikuandikwa hayupo. Na ni nani aliye rahisi zaidi kusahauliwa na orodha kuliko mzee aliyelala chumba cha ndani, asiyehudhuria mkutano wa mtaa, asiye na simu, na ambaye alama za vidole vyake zimefutwa na mpini wa jembe wa miaka hamsini?

Ndivyo ilivyokuwa kwa bibi yetu. Siku kaya maskini zilipotambuliwa, yeye alikuwa Kondoa akiuguzwa kwa mdogo wake. Aliporudi Dodoma, orodha ilikwisha fungwa. Namba ya kitambulisho cha taifa hakuwa nayo. Laini ya simu iliyomo nyumbani imesajiliwa kwa jina la mkwewe aliyehama zamani. Fungu lake halikuibiwa na mtu; halikupata mahali pa kushukia.

Wengine wamefanyaje?

Ndugu zetu wa Zanzibar walichukua njia nyingine. Tangu Aprili 2016, kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 na kutimiza masharti ya ukaazi hulipwa pensheni jamii, bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa wala kama ni maskini. Ilianza kwa Sh. 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi Sh. 50,000. Kenya nayo, kupitia Inua Jamii, ilianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi Sh. 2,000 za Kenya kwa mwezi. Huko kote fungu hutoka kwa jina la mzee mwenyewe. Kwetu Bara pensheni ya wazee wote imejadiliwa kwa miaka mingi, na tunadhani ni haki ya raia kuendelea kuikumbusha serikali kwa adabu na hoja.

Hilo si jambo geni katika historia ya Uislamu. Katika Kitab al-Kharaj, Abu Yusuf amepokea habari ya Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipomkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba mlangoni. Umar alimwuliza kilichomfikisha hapo, akaambiwa ni umri, uhitaji na kodi. Alimchukua hadi nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwamuru mtunza Baitul Mal amwangalie yeye na walio mfano wake, kwa kuwa si insafu kunufaika na ujana wa mtu kisha kumtupa katika uzee wake. Tukitazama ni mikono ya nani iliyolima karanga na mtama wa nyanda hizi, maneno hayo yanatuhusu.

Wajibu ni wa nani nyumbani?

Hata pensheni ikija kesho, fedha hazimgeuzi mgonjwa. Sera ya 2003 yenyewe inasema familia ndiyo msingi wa matunzo ya mzee, na makazi ya serikali, kama yale ya Sukamahela wilayani Manyoni, ni kimbilio la wasio na ndugu. Qur'ani nayo, katika Suratul Israa aya ya 23 na 24, imeufunga wema kwa wazazi na ibada ya Mwenyezi Mungu, ikautaja mahsusi wakati wa uzee wao wakiwa kwetu, hata ikakataza neno dogo la kuonesha kero.

Lakini tujihoji: amri hii tumemwekea nani? Mara nyingi mtoto wa kiume hutuma fedha kidogo kutoka mbali, akadhani amemaliza, na mzigo ukamwangukia mkewe au binti mdogo wa nyumbani. Wanazuoni wengi wameeleza kwamba mke halazimiki kisharia kuwauguza wakwe zake. Akifanya hivyo ni ihsani yake, na anastahili shukrani, msaada na mapumziko. Mwenye wajibu ni mtoto wa mzee, wa kiume na wa kike. Wala wema kwa bibi haupatikani kwa kumdhulumu mjukuu masomo yake. Mtoto wa darasa la sita aliyeachiwa mgonjwa wa kiharusi naye anahitaji mlezi.

Tulilolifanya, na linalobaki

Kamati yetu ilikaa na kuamua mambo manne, tunayoyaeleza hapa ili misikiti mingine iyachukue au iyaboreshe.

Kwanza, tumefungua daftari la wazee wote wa eneo letu, wanaofika msikitini na wasiofika, na majirani wasio Waislamu wakiwemo. Wajumbe wawili wamepewa kazi ya kufuatana na familia hadi kwa mtendaji wa mtaa na kwenye baraza la wazee kila uandikishaji unapotangazwa.

Pili, tunawasaidia wasio na kitambulisho cha taifa kukipata, na kuhakikisha kwamba simu inayopokea malipo imesajiliwa kwa mtu ambaye mzee mwenyewe amemridhia.

Tatu, kina mama wa msikiti wamepanga zamu za asubuhi kwa wazee wa kike walio kitandani, ili sitara ihifadhiwe na mlezi wa nyumbani apumzike. Wanaume wana zamu kwa wazee wa kiume. Pamoja na kuogesha na kugeuza, tunawafundisha wagonjwa kutayamamu na kuswali kwa ishara, maana wengi wameacha swala wakidhani kwamba asiyeweza kusimama hana swala.

Nne, sehemu ya zaka na sadaka inalipia mchango wa bima wa kaya zenye mzee asiye na wa kumgharamia. Mwenye watoto wenye uwezo tunawapigia simu watoto wake kwanza. Zaka ya jirani isigeuzwe kuwa kichaka cha mtoto kukimbilia wajibu wake.

Bibi yetu sasa ana namba ya kitambulisho, na jina lake limepelekwa. Fungu bado analingoja. Mjukuu wake amerejea shuleni, ijapokuwa siku ambazo mwenye zamu anaugua, kiti chake darasani hubaki kitupu. Tulipomzuru tena alituuliza swali lile lile, nasi tukamjibu kwamba fungu moja liko serikalini na tunalifuatilia, na jingine liko kwetu sisi, na hilo halihitaji kusubiri orodha.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na atujaalie tuwe miongoni mwa watakaolelewa kwa wema. Amin.